Mkanda Umeokoka, na TV Je?

Miaka mitatu iliyopita tulipeleka mkanda wa VHS wa marehemu bibi kwa fundi, atuhamishie kwenye flashi. Akaturudishia faili dogo, la kutumiana kwa simu, nasi kwa furaha tukautupa mkanda. Leo ukilifungua faili lile kwenye skrini kubwa, uso wa bibi ni vijisanduku vya rangi tu. Ndipo nikaelewa kwamba kuhamisha video si sawa na kuihifadhi. Somo hili linaonekana vizuri zaidi kwenye sanaa ya video.

Sanaa ya video si filamu ya kukaa na kufuata hadithi. Msanii anatumia picha ya video, na mara nyingi TV yenyewe, kama mchoraji anavyotumia rangi na turubai. Ilianza kushamiri miaka ya 1960, hasa baada ya Sony kutoa Portapak mwaka 1967: kamera na rekoda ambazo mtu mmoja aliweza kuzibeba.

Kwa nini mkanda unakufa?

Mkanda ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku, na unga huo unashikiliwa na gundi. Kwenye baadhi ya mikanda, gundi inanyonya unyevunyevu wa hewa na kuanza kunata. Ukiucheza hivyo hivyo, unga unabanduka na kubaki kwenye kichwa cha deki, na picha inaondoka nao. Wataalamu huweza kuuoka mkanda wa namna hiyo kwa joto dogo ili ukubali kuchezwa na kunakiliwa. Shida ya pili ni mashine. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016.

Wakati wa kunakili, hifadhi za nyaraka hutengeneza kwanza nakala mama: faili kubwa lisilopoteza chochote, kwa mfano la FFV1. Kutoka hapo ndipo hutolewa faili dogo la watazamaji. Fundi wetu alitupa hilo la pili tu.

Na TV je?

Mwaka 1988 Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, alisimamisha mnara wa TV za chogo 1,003 katika jumba la taifa la sanaa za kisasa la Korea Kusini, kule Gwacheon. Unaitwa The More, the Better, na kimo chake ni mita 18.5. Idadi ya TV inaashiria tarehe 3 Oktoba, siku ya kuadhimisha kuasisiwa kwa taifa hilo. Paik alifariki mwaka 2006. TV zikazidi kuchakaa, na mwaka 2018 mnara ukazimwa kwa sababu za kiusalama.

Sasa hapo wewe ungefanyaje? Ukiweka flati zote, umeme unapungua na spea zinapatikana. Lakini mng'ao wa kioo kilichobinuka na lile chogo lenyewe ni sehemu ya kazi. Jumba likachagua njia ya kati: TV 737 zikakarabatiwa, 266 za juu zikabadilishwa kuwa skrini bapa ndani ya umbo lilelile la nje, na video zenyewe zikawekwa kidijitali. Mwaka 2022 mnara ukawaka tena, kwa saa chache tu ili usichoke. Mimi naukubali uamuzi huo, kwa sababu kilichobadilishwa kinajulikana na hakuna aliyedanganywa.

Na watu waone

Kazi iliyookolewa kisha ikafungiwa kabatini haijamfaa mtu. Electronic Arts Intermix ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1971, inahifadhi video za wasanii na pia kuzisambaza kwa shule na majumba ya makumbusho, kwa makubaliano na wenye haki.

Sisi walimu watarajiwa kesho tutakabidhiwa makabati ya shule yenye mikanda ya tamthilia na ngonjera. Kabla ya kumwita fundi, tujiulize: nakala mama iko wapi, na iko sehemu zaidi ya moja? Kazi hii ilionyeshwaje, kwa kifaa gani? Nani ana haki ya kuruhusu ionyeshwe? Na mkanda wenyewe, jamani, usitupwe.