Wateja wa Picha Hawarudi

Swali: Nina studio ndogo ya picha Morogoro. Watu huja kwa mahafali, kipaimara au picha ya mtoto, wanalipa, kisha siwaoni tena. Nifanyeje wawe wateja wa kudumu?

Jibu: Anza na kumbukumbu, si punguzo. Mteja aliyefuata bei atahama siku jirani yako akishusha buku mbili. Hifadhi kila kazi kwenye diski mbili, faili likiwa na jina la familia na mwaka. Mama aliyeibiwa simu akija kuulizia picha ya mwanawe alipotimiza mwaka, nawe ukamsafishia papo hapo, hatampeleka mtoto kwingine. Mpiga picha wa Mali Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alitunza negativu kwa maelfu, na hizo ndizo zilizokuja kumpa jina duniani.

Omba ruhusa ya kubaki na namba ya mteja. Mtoto akikaribia miaka miwili, tuma ujumbe mmoja wa kumtaja kwa jina. Matangazo ya kila Ijumaa yatakufanya uzuiwe tu. Sura ya mtu, hasa mtoto, isiende Instagram bila idhini. Ukiahidi Alhamisi, iwe Alhamisi. Na tafadhali, acha kung'arisha ngozi za watu hadi ndugu zao wasiwatambue!

Kama bado unafuta kazi za zamani ili upate nafasi ya mpya, nunua diski kabla ya lenzi.