Mbwa wa Kuwindia: Tabia na Malezi Yake

Mwenye shamba la mahindi katika Kitandililo, karibu na Makambako, ajua vema uharibifu wa nguruwe mwitu. Huja usiku, huangusha mabua, wala hawaondoki ila wameshiba. Mbwa hodari huwasikia kabla ya mtu. Lakini nguvu ile ile imfanyayo kuwa mlinzi mwema, asipotunzwa, humfanya kuwa hatari kwa watu wa nyumbani na majirani.

1. Tabia. Mbwa huyu hawezi kukaa bure. Akikosa kazi hukimbiza kuku na mbuzi, au huzurura mbali. Yafaa atembezwe kila siku, asubuhi na jioni.

2. Mafundisho. Mzoeze tangu udogo kukaa kati ya mifugo bila kuigusa. Mwite kwa neno moja, wala usilibadili. Akitoroka kisha akarudi, usimpige. Atadhani apigwa kwa sababu ya kurudi, na siku nyingine hatarudi. Asipelekwe mbio ndefu kabla ya kutimiza mwaka, kwa kuwa mifupa yake haijakomaa.

3. Chakula. Mpe ugali uliochanganywa na dagaa au maziwa, jioni baada ya kazi, na maji safi siku zote. Usimpe matumbo mabichi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo. Humo mwaweza kuwa na minyoo. Mayai yake hutoka katika mavi ya mbwa, na mtu akiyameza hupata uvimbe wa maji katika ini au mapafu.

4. Malazi. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Ubena ni kali. Mpe kibanda kikavu chenye nyasi, kisichopigwa na upepo. Mtoe kupe mara kwa mara.

5. Kichaa. Dalili zake ni kubadilika tabia, kuuma ovyo, kutokwa na mate, na sauti kukauka. Taya likilegea, usitie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Asingoje, maana dalili zikisha kumtokea mtu, karibu hakuna aponaye. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, mwaka 1885, kinga ya ugonjwa huu yajulikana.

6. Sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali. Kwa hiyo, kabla ya kwenda porini na mbwa, uliza kwa afisa wanyamapori.

Mbwa achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Bwana mifugo ajapo na chanjo, kila mbwa aletwe, hata yule asiyewinda. Maana kichaa huanzia kwa yule aliyeachwa nyumbani.