Matembezi ya Masomo katika Ufipa: Kutoka Kijito cha Jirani hadi Maporomoko ya Kalambo

Miongoni mwa njia za kufundishia zinazosifiwa sana vyuoni na kutumiwa kwa nadra shuleni, matembezi ya masomo hushika nafasi ya kwanza. Mwanachuo huyaeleza vizuri katika mtihani; akishapangiwa kituo cha kazi, huyasahau. Ukimwuliza sababu atakuambia kwamba shule haina gari, kwamba wazazi hawana fedha, na kwamba darasa lina watoto wengi mno. Hoja hizo si za kupuuzwa. Lakini tukizichunguza twaona kuwa zote zimejengwa juu ya dhana moja, nayo ni kwamba matembezi ya masomo ni safari ya basi kwenda mahali pa mbali penye sifa. Katika makala haya tunakusudia kuipinga dhana hiyo, tukichukua mfano wa shule za Matai na vijiji vya jirani, Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa.

Tumeichagua Matai kwa sababu mwalimu wa hapo amejaliwa vitu viwili. Kwanza, ana njia fupi za miguu zinazoanzia karibu na mlango wa darasa, zikipita mashambani, vijitoni na juu ya vilima vya nyasi. Pili, upande wa kusini-magharibi, mwendo wa gari usiomaliza nusu siku, yapo maporomoko ya Mto Kalambo, ambayo watu hufunga safari kutoka nchi za mbali kuja kuyatazama. Tulipowauliza watoto wa darasa moja la tano ni nani kati yao aliyekwisha kuyaona, tulipata mikono michache sana. Na hao ni watoto wa wilaya iliyopewa jina la mto huo huo. Tunaamini kwamba hali hii yaweza kurekebishwa, ila dawa yake haianzii kwenye maporomoko. Huanzia kijitoni.

Njia ya jirani

Kabla ya mwalimu kuwatoa watoto darasani, hana budi kuipita njia hiyo yeye mwenyewe, peke yake, saa ile ile atakayoipita pamoja nao. Huko ndiko atakakoona kwamba kivuko kimebomoka, kwamba mwenye shamba fulani hapendi watu wakanyage mbegu zake, au kwamba saa nne jua huwa kali na hapana mti wa kukaa chini yake, maana sehemu kubwa ya uwanda huu ni mbuga ya nyasi tupu. Huko pia ndiko atakakopata swali la siku. Tunasisitiza: swali moja. Mwalimu anayewaambia watoto "tazameni mazingira" hupata watoto wanaotazamana wao kwa wao. Anayewauliza "Ni ndoo ngapi za maji zinazopita hapa katika sekunde moja?" hupata kelele, na baada ya kelele hupata kazi.

Swali hilo la ndoo tumeliona likifundishwa na mwanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, nasi twaona inafaa kulieleza kwa ukamilifu. Watoto walipima mita 10 kandokando ya kijito kwa kamba yenye mafundo. Wakadondosha jani kavu upande wa juu, na mmoja wao mwenye saa akahesabu sekunde hadi jani lilipofika kwenye fundo la mwisho. Tuseme jani limetumia sekunde 20. Basi maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Tuseme tena kwamba kijito kina upana wa mita 2 na kina cha wastani cha sentimita 30. Tukizidisha 2 kwa 0.3 kwa 0.5, tunapata mita za ujazo 0.3, yaani lita 300 kila sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosuguana na mchanga wa chini, hesabu hurekebishwa kwa kuzidishwa na 0.8, nasi tunabaki na lita 240. Hizo ni ndoo 12 za lita 20. Mtoto ambaye kila alfajiri hubeba ndoo moja kichwani ana kipimo ndani ya shingo yake; mwambie ndoo 12 kwa sekunde moja, naye atanyamaza kidogo kabla ya kuuliza kwa nini basi bomba la kijijini halitoi maji. Swali hilo halikuwemo katika andalio la somo. Mwanachuo yule alilijibu kadiri alivyoweza, na alifanya vema kutolikwepa.

Njia ile ile, siku nyingine, hutoa somo lingine. Wafipa wana kilimo chao cha matuta ya mviringo, ambayo huyaita ntumba: nyasi hufukiwa chini ya udongo katika kichuguu kidogo, zikaoza na kuwa mbolea, kisha msimu unaofuata kichuguu hutawanywa na mbegu kupandwa. Kitabu cha sayansi hueleza mboji kwa picha; shambani mtoto aweza kutia mkono ndani ya tuta akahisi joto la nyasi zinazooza. Hapa mwalimu mgeni, na wengi wetu tumehamishiwa Rukwa kutoka mikoa mingine, inampasa ampishe mwenye shamba awe ndiye mwalimu. Amwendee siku moja kabla, amwamkie "Shikamoo mzee", aeleze haja yake, na siku ya somo asimame pamoja na watoto akisikiliza. Tumewaona walimu waliokatiza maelezo ya mzee ili kutia istilahi za kitabuni. Istilahi zina wakati wake. Zaweza kungoja hadi kesho darasani.

Palipo na mabaki ya matanuri ya zamani ya kuyeyushia chuma, ambayo bado yanaonekana katika baadhi ya maeneo ya Ufipa, mwalimu wa historia asiyapite. Tanuri hilo refu, ilungu kwa Kifipa, lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Watoto wakiambiwa kwamba mababu zao walitengeneza majembe kwa udongo mwekundu na makaa ya miti ya kwao, huanza kuokota mawe njiani na kuyapima uzito mkononi.

Kwa nini maji huanguka Kalambo

Darasa likishatembea njia za jirani mara tatu au nne, likajua kupanga mstari, kutunza kimya, kuandika katika daftari likiwa limesimama, hapo ndipo safari ya Kalambo huwa na maana. Na hata kabla ya safari, somo lake hufunguliwa uwanjani pa shule kwa lundo la mchanga. Mwalimu ajenge kilima kirefu chenye mgongo wa bapa: huo ndio uwanda wa Ufipa. Kila upande achimbe bonde: magharibi Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa. Yote mawili yamelala katika matawi ya Bonde la Ufa, na Ufipa umeinuliwa kati yao. Kisha amwage maji mgongoni. Yatakayoteremka mashariki yataishia Rukwa, ziwa lisilo na mto utokao, na huko hukaushwa na jua. Yatakayoteremka magharibi huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa Mto Lukuga, hujiunga na mfumo wa Mto Kongo, na mwisho hufika Bahari ya Atlantiki. Matone mawili ya mvua moja, yaliyoanguka hatua chache mbalimbali juu ya mgongo huo, hayatakutana tena.

Hapo swali la siku hujitokeza lenyewe. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya uwanda iko juu zaidi ya mita 1,500. Mto Kalambo, utiririkao taratibu juu ya uwanda, utashukaje? Hushuka kwa ghafula, kwa sababu uwanda wenyewe hukatika kwa ghafula ukingoni mwa Bonde la Ufa. Vitabu hutofautiana kuhusu kimo cha maporomoko: vingine huandika mita 221, vingine 235. Mwalimu asiifiche tofauti hiyo. Awaulize watoto mpimaji aanzie wapi na aishie wapi, penye ukungu wa maji na mawe yaliyoporomoka. Vyovyote iwavyo, kimo hicho ni kama mara mbili ya maporomoko ya Victoria katika Mto Zambezi. Kwa mtoto wa Matai kipimo bora zaidi ni mkaratusi: chukua mkaratusi wa mita 30, uusimamishe mwingine juu yake, uendelee hadi ufikishe saba.

Neno letu la korongo lina maana mbili, bonde jembamba lenye kuta za mwamba na ndege mwenye miguu mirefu. Kalambo ni mahali ambapo maana zote mbili hukaa pamoja, kwani makorongo wafuko-shingo hujenga viota vyao katika kuta za mwamba huo wakati wa kiangazi. Mwalimu wa Kiswahili achukue fursa hiyo; haji kuipata kirahisi mahali pengine.

Upande wa juu wa maporomoko, ng'ambo katika nchi ya Zambia, pana mahali pa kale palipofahamika kwa wataalamu tangu 1953, mtaalamu wa mambo ya kale J. Desmond Clark alipopagundua na kuanza kupachimbua. Mwaka 2019 wachimbaji wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walipata hapo magogo mawili, moja limelazwa juu ya lingine katika pengo lililochongwa kwa makusudi ili yashikane. Matokeo yalitangazwa 2023: magogo hayo yana umri usiopungua miaka 476,000. Yamedumu kwa sababu yalizama katika udongo uliolowa daima, ambamo kuoza kulizuiwa. Binadamu wa jamii yetu wenyewe hawajafikisha umri huo. Waliochonga magogo yale walitutangulia. Watoto hawana haja ya kuvuka mpaka ili kulifahamu jambo hili. Yatosha wakate vijiti viwili, wachonge pengo, wavifunganishe, kisha waambiwe ni lini kazi kama hiyo ilifanywa kwa mara ya kwanza kadiri ijulikanavyo, na kwamba ilifanywa kando ya mto wao. Mpaka wenyewe, tukumbuke, ulichorwa na wakoloni. Mto ulikuwako kabla yake.

Usalama na fedha

Mahali penye genge la mita mia mbili si mahali pa mwalimu mmoja na watoto sitini. Tunapendekeza mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi, wazazi wakiwemo. Kuhesabu watoto kila kituo, si mwanzo na mwisho tu. Na sheria isiyo na mjadala kwamba mahali pasipo na kizuizi hapana mtoto atakayekaribia ukingo zaidi ya hatua kumi. Kurusha mawe korongoni ni marufuku, kwa kuwa chini huweza kuwako watu. Mwamba uliolowa huteleza hata kwa mtu mwenye viatu vizuri, na wengi wa watoto wetu huvaa kandambili. Eneo hilo limehifadhiwa na lina wasimamizi. Mwalimu aende kwao mapema, aulize taratibu na ada, wala asiwashtukize na gari lililojaa watoto.

Kuhusu fedha, tuna jambo la kusema kwa uzito. Tunaifahamu shule moja, ambayo hatuitaji, iliyopeleka watoto thelathini tu wa darasa la watoto tisini: ndio waliolipa. Juma lililofuata mwalimu akaagiza darasa zima liandike insha juu ya safari hiyo. Mtoto mmoja aliandika sentensi moja, "Mimi sikwenda," akapewa alama mbili kati ya ishirini. Sisi tunaona insha hiyo ilikuwa ya kweli kuliko zote, na kwamba safari ile iliwafundisha watoto sitini kuwa maporomoko ya wilaya yao ni mali ya wenye nauli. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alilalamikia elimu inayowatenga wachache na wenzao. Hapa utengano huo ulifanywa kwa orodha ya michango.

Kwa hiyo twashauri kanuni hii: liende darasa zima, au lisiende. Shule yenye shamba yaweza kutenga robo eka ya maharage kwa ajili ya nauli ya darasa la sita, watoto wakapanda, wakapalilia, wakauza na kuweka hesabu wenyewe. Mwaka ambao mavuno hayakutosha, darasa litembee kijitoni, na kijito kifundishwe kwa ukamilifu bila kuomba radhi.

Limebaki suala la majira. Mvua za Rukwa huanza takriban Novemba na kwisha Aprili. Mwezi Mei maji ya Kalambo bado ni mengi na mngurumo wake ni mkubwa, ila njia bado zina utelezi. Kwa wanafunzi wa sekondari wenye kusoma jiografia, huo ndio wakati mzuri. Kwa watoto wa msingi tunapendelea Agosti au Septemba, njia zikiwa kavu na makorongo wakiwa viotani, ingawa maji yatakuwa yamepungua sana kuliko yaonekanavyo pichani. Ili wasikate tamaa wakifika, kijito cha jirani kipimwe Machi na kipimwe tena Agosti, mahali pale pale, kwa kamba ile ile, na idadi ya ndoo iandikwe ukutani pa darasa. Watakaposimama mbele ya maporomoko watajua yale maji mengine yalikwenda wapi.