Kole inayoshika ndani ya maji

Wengi wetu tumekwisha kutengeneza kinga njiani. Mvua ikinyesha, kiraka hakishiki: tunapangusa, tunapuliza, tunangojea mpira ukauke, na nyuma kidogo tunasikia upepo unatoka tena. Si kosa la kole tu. Maji yanakaa katikati, basi kole inashika maji, haishiki mpira.

Lakini iko nyama mdogo wa bahari mwenye maganda mawili. Wafaransa wanamwita moule, na watu wa pwani wanasema kome. Yeye anajifunga ku jiwe, mahali mawimbi yanapiga usiku na mchana, na hatoki. Ginsi gani? Anatia mguu wake juu ya jiwe, anasukuma maji nje, halafu anamwaga proteini pamoja na asidi kidogo. Kwa dakika chache uzi mmoja umefungwa, na anaanza mwingine.

Mwaka 1981, kule Marekani, Herbert Waite na Marvin Tanzer waliandika kwamba ndani ya proteini hiyo kuna dopa. Tukumbuke somo la kemia: dopa ni asidi amini yenye pete ya benzeni, na juu ya pete kuna OH mbili kandokando. OH hizo zinakamata jiwe hata limelowa. Tena zinakamata chuma, na hili ndilo lilitushangaza zaidi.

Kome anatia chuma katika ngozi ya nyuzi zake. Ndani ya asidi, ioni moja ya chuma inashikwa na dopa moja tu, na rangi ni kijani. Katika pH ya bahari, karibu 8, inashikwa na dopa mbili au tatu, na rangi inageuka. Kifungo hicho kikivutwa sana kinaachia, lakini hakifi. Kikipata nafasi kinakamata tena. Mwaka 2011 Niels Holten-Andersen, Waite na wenzao walitengeneza ute mzito wa namna hiyo. Waliupasua, nao ukajiunga tena kwa dakika chache. Kole yetu iliyokauka ikipasuka, imekwisha.

Waganga wanatafuta kole kama hiyo kwa bidii, maana ndani ya mwili hakuna fasi kavu. Kidonda cha utumbo hatuwezi kukipangusa na kukingojea sawa mpira wa kinga! Taabu iko oksijeni: inageuza dopa, na dopa iliyogeuka haishiki jiwe vizuri. Kome anailinda kwa ile asidi yake, mpaka imekwisha kushika.