Meno ya kupandikiza: Pima sukari na mfupa kabla ya kulipa

KUPOTEZA meno yote si jambo la wakongwe pekee. Hapa mjini kuna watu wa miaka 45 na 50 ambao ugonjwa wa fizi, kuoza kwa meno au ajali ya barabarani imewaacha na vinywa vitupu. Mtu kama huyo huona haya kucheka mbele ya watu. Akialikwa nyama choma huomba mchuzi. Akipewa hindi la kuchoma husema ameshiba.

Watu hao ndio wanaolengwa na matangazo ya kliniki yanayoahidi "meno mapya kwa siku moja". Matangazo hayo huzungumza sana juu ya tabasamu. Hayazungumzi sana juu ya mfupa wa taya, sukari iliyo mwilini wala dawa unazomeza kila siku. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, si wa meno. Lakini wagonjwa wengi hupitia kwetu kabla ya kufanyiwa upasuaji, na mara nyingi jambo litakaloamua kama meno hayo yatashika halionekani kinywani. Liko kwenye damu.

Mfupa huisha

Mfupa unaoshika meno huishi kwa kufanya kazi. Kila unapotafuna, mizizi ya meno huusukuma, na msukumo huo ndio unaouweka imara. Jino likishang'olewa, sehemu ya mfupa iliyokuwa ikilishika haina kazi tena, nao mwili huanza kuipunguza. Mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha huendelea kupungua polepole maisha yote. Ndiyo sababu mtu aliyekaa miaka mingi bila meno mashavu yake hubonyea na kidevu chake huonekana kukaribia pua.

Hiyo ndiyo sababu pia ya meno bandia ya kawaida kulegea. Yalitengenezwa kufuata umbo la ufizi wa siku ile, lakini mfupa ulio chini yake unaendelea kushuka. Taya ya chini ndiyo yenye taabu zaidi. Meno bandia ya juu hujishikiza kwenye kaakaa, ilhali yale ya chini hukaa juu ya ukingo mwembamba huku ulimi ukiyasukuma kila unapozungumza.

Kipandikizi ni nini?

Kipandikizi, ambacho wengi hukiita implanti, ni skrubu ndogo ya metali iitwayo titaniamu. Daktari hutoboa mfupa wa taya na kuiingiza mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Baadaye meno ya bandia hufungwa juu yake.

Titaniamu ina sifa ya ajabu: mfupa hukua na kushikana nayo kabisa. Jambo hilo liligunduliwa nchini Uswidi na daktari Per-Ingvar Brånemark. Katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titaniamu, na alipotaka kuvitoa akakuta vimeshikana na mfupa. Mwaka wa 1965 alimpandikizia skrubu hizo mtu wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye alikuwa na kasoro ya taya tangu kuzaliwa. Zilimtumikia kwa takriban miaka 40.

Leo, kwa watu wenye afya nzuri, zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa bado vimeshika baada ya miaka 10. Lakini usisahau maneno hayo: watu wenye afya nzuri.

Njia tatu za kurudisha meno

Wengine hudhani kwamba aliyepoteza meno 32 atahitaji skrubu 32. Sivyo. Aliyepoteza meno yote ana njia tatu za kuchagua.

Njia ya kwanza ni meno bandia ya kawaida ya kuvaa na kuvua. Ndiyo ya bei nafuu na haina upasuaji. Yakitengenezwa vizuri na kurekebishwa kila mfupa unapobadilika, humfaa mtu kwa miaka mingi.

Njia ya pili ni meno bandia ya kuvaa na kuvua yanayobanwa na skrubu mbili katika taya ya chini. Juu ya kila skrubu huwekwa kishikizo, nayo meno hujifunga hapo kama kifungo cha nguo. Wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, mwaka wa 2002 walipendekeza kwamba hii ndiyo iwe tiba ya kwanza ya kufikiriwa kwa mtu asiye na meno ya chini. Matangazo hayaitaji sana, lakini ndiyo inayowafaa wengi wasioweza kulipia njia ya tatu.

Njia ya tatu ni meno yasiyovuliwa, yanayofungwa juu ya skrubu 4 hadi 6 katika kila taya. Daktari Paulo Maló wa Ureno alieneza mtindo wa skrubu 4 kuanzia miaka ya 1990: mbili za mbele husimama wima na mbili za nyuma huingizwa kwa mshazari. Kuzilaza hivyo husaidia kukwepa neva kubwa inayopita ndani ya taya ya chini, na uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya taya ya juu. Mfupa wa taya ya juu ni laini kuliko wa chini, kwa hiyo huko skrubu zaidi huhitajika mara kwa mara.

"Siku moja" maana yake nini?

Ni kweli kwamba mtu anaweza kuingia kliniki asubuhi bila meno na kutoka jioni akiwa nayo. Lakini meno hayo ni ya muda, aghalabu ya plastiki ngumu. Huwekwa siku hiyo ikiwa tu skrubu zimekaza vya kutosha ndani ya mfupa.

Mfupa wenyewe huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikana na titaniamu. Katika kipindi hicho unatakiwa kula vyakula laini: uji, wali, maharagwe yaliyoiva sana, mayai, ndizi za kupikwa. Skrubu ikitikisika mapema, mwili huizungushia nyama badala ya mfupa, nayo hulegea na kulazimika kutolewa. Mgonjwa anayerudia nyama choma wiki ya pili kwa sababu haoni maumivu anajiharibia mwenyewe. Meno ya kudumu hutengenezwa baada ya mfupa kushika.

Mambo ya kupimwa mwilini

Msomaji, kabla hujalipa hata amana, mwone daktari anayekutibu kwa kawaida na uzungumze naye juu ya mambo haya.

Kisukari. Sukari ikiwa juu, vidonda huchelewa kupona na maambukizi hushika haraka. Kipimo cha kidoleni cha asubuhi moja hakitoshi, kwa sababu mtu anaweza kujinyima siku mbili ili matokeo yapendeze. Omba kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita. Kikiwa karibu na asilimia 7, unaweza kuendelea na mipango. Kikiwa juu ya 8, ni heri upasuaji ungoje hadi sukari ishuke. Wapo wanaoishi na kisukari bila kujua, kwa hiyo pima hata kama hujawahi kuambiwa unacho.

Sigara. Moshi hupunguza damu inayofika kwenye ufizi na mfupa. Wavutaji hupoteza vipandikizi zaidi ya wasiovuta. Acha wiki kadhaa kabla ya upasuaji, na usirudie wakati mfupa unaposhika. Ukiweza kuacha kabisa, utakuwa umejifanyia jema kubwa kuliko meno yenyewe.

Dawa za mifupa. Kina mama waliokoma hedhi na kupewa alendroneti kwa kudhoofika mifupa, na wagonjwa wa saratani wanaochomwa sindano ya zoledroneti, lazima wamwambie daktari wa meno. Kwa baadhi yao kidonda cha taya hukataa kupona na mfupa hufa. Hatari ni kubwa zaidi kwa wanaodungwa kwa ajili ya saratani. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kupigwa miale ya saratani shingoni au usoni.

Dawa za kuzuia damu kuganda. Anayetumia warfarini au aspirini asiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Kuna walioacha wakiogopa kuvuja damu kinywani, wakapata kiharusi. Madaktari wako wawili wakubaliane kwanza. Mwenye vali bandia ya moyo naye aseme mapema, kwani huhitaji dawa ya kuua viini kabla ya upasuaji.

Virusi vya ukimwi. Mtu anayetumia ARV vizuri na ambaye kinga yake iko sawa hazuiwi kupandikizwa meno kwa sababu hiyo peke yake. Asifiche hali yake.

Usikubali kung'olewa ovyo

Kuna jambo linalonisikitisha. Mtu mwenye meno 10 au 12 yanayotikisika kidogo huambiwa yote yang'olewe ili awekewe mapya. Pengine ushauri huo ni sahihi. Lakini meno mengi yenye ugonjwa wa fizi yanaweza kuokolewa kwa kusafishwa mizizi na kutunzwa. Jino lako limeshikwa na nyuzi laini zinazohisi hata punje ya mchanga katika wali. Skrubu haina hisia hiyo. Tena, aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi yuko katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa kama huo kuzunguka vipandikizi. Viini havijali kama kilichopo ni jino au titaniamu. Kabla ya kukubali kung'olewa meno yote, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Maswali ya kuuliza

Gharama ya kazi hii huhesabiwa kwa malaki, na taya zote mbili zinaweza kupita shilingi milioni moja. Mtu anayeuza shamba au kuchukua mkopo wa sacco ana haki ya kupata majibu. Uliza hivi:

1. Je, umesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, na leseni yako ni ya mwaka huu? Fundi wa meno wa mtaani haruhusiwi kupasua taya.

2. Je, nimepigwa picha ya taya inayoonyesha unene wa mfupa na mahali neva inapopita? Neva ikiguswa, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa miezi, au hata kwa maisha.

3. Je, bei hii ni pamoja na meno ya kudumu, au ni ya yale ya muda tu? Na ikiwa mfupa hautoshi na unahitaji kuongezwa?

4. Skrubu moja ikikataa kushika, nani atalipia nyingine?

5. Je, nitapewa kadi yenye jina la kampuni iliyotengeneza skrubu, pamoja na vipimo vyake? Miaka 10 baadaye kipande kikivunjika, bila kadi hiyo daktari mwingine atabahatisha. Wanaosafiri kutibiwa India au kwingineko wasirudi bila hiyo, na wajue mapema nani hapa nyumbani atakayewahudumia.

Utunzaji

Titaniamu haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka huugua. Ugonjwa huo hauna maumivu mwanzoni. Dalili yake ni damu kidogo wakati wa kupiga mswaki, harufu mbaya, au usaha ukibonyeza ufizi. Ukiziona, nenda kliniki wiki hiyo hiyo.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usafishe chini ya meno kwa uzi mnene wa meno au brashi nyembamba. Meno ya kuvua yatolewe usiku, yasuguliwe kwa mswaki na kuwekwa katika maji baridi. Maji moto huyapinda. Anayesaga meno usingizini aombe kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Mwone daktari wa meno kila miezi 6, hata kama huhisi shida yoyote.

Iwapo huna fedha za kupandikiza, usione kuwa umeshindwa maishani. Meno bandia yaliyotengenezwa na daktari mzuri yatakurudisha mezani. Na ikiwa unazo, usikimbilie tangazo. Haraka haraka haina baraka. Wiki moja ya kupima sukari, kupiga picha ya mfupa na kuuliza maswali haya itakugharimu kidogo sana ikilinganishwa na skrubu nne zilizolegea katika taya ambayo mfupa wake tayari umepungua.