Rekodi za Hewa Zinavyomlinda Jirani wa Kiwanda

Nchini Marekani, viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta hutakiwa kuweka vifaa vya kupima hewa kando ya ua. Kila baada ya siku 14, hupimwa kiasi cha benzini, kemikali inayoweza kusababisha saratani ya damu. Wastani wa mwaka ukizidi mikrogramu 9 kwa mita moja ya ujazo, kiwanda lazima kitafute chanzo na kukirekebisha. Ripoti hutolewa kila robo mwaka. Rekodi hutunzwa miaka 5.

Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, lakini funzo linabaki: bila rekodi, mkazi hana ushahidi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Mwananchi, itumie.