Usukani Mzito: Chunguza Kwanza Kabla ya Kununua Pampu

Chukua mfano wa mkulima wa Molo mwenye pikapu ya miaka ya 1990. Kila alfajiri anapakia magunia ya viazi na kuelekea soko la Nakuru. Siku moja anapokata kona kutoka shambani, usukani unakuwa mzito na gari linapiga mlio mkali kama wa filimbi. Baada ya kilomita chache mlio unapungua, naye anaendelea na safari. Juma linalofuata fundi anamwambia kwamba pampu ya pawa steringi imekufa, anunue nyingine.

Huenda fundi amesema kweli. Lakini usukani mzito una vyanzo vingi, na pampu ni kimoja tu. Anayebadilisha pampu bila kuchunguza anaweza kulipa pesa nyingi kisha arudi barabarani na tatizo lilelile. Anayepuuza naye anahatarisha maisha yake na ya wengine, hasa katika miteremko ya Mai Mahiu, Sachangwan na Salgaa.

Pawa steringi hufanyaje kazi?

Mhandisi Mmarekani Francis W. Davis alionyesha mfumo wa usukani unaosaidiwa na mafuta mwaka wa 1926. Mwaka wa 1951 kampuni ya Chrysler ikauweka katika magari ya kuuzwa kwa umma. Magari mengi ya zamani yanayotumika humu nchini bado yanautumia mfumo huo.

Injini inapozunguka, mkanda huendesha pampu. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye chupa yake na kuyasukuma kwa nguvu kupitia paipu hadi kwenye raki au boksi ya usukani. Dereva anapozungusha usukani, vali hufungua njia na mafuta yakasukuma upande unaotakiwa. Kisha mafuta hurudi kwenye chupa.

Kwa hivyo kuna mambo manne ya kukagua: mafuta, mkanda, pampu na paipu zake, na raki. Jambo la tano halimo kwenye mfumo huo kabisa, nalo ni magurudumu.

Hatua ya kwanza: tairi

Tairi za mbele zenye upepo mdogo hufanya usukani kuwa mzito hata kama pawa steringi ni nzima. Kiwango cha upepo kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi. Ukaguzi huu huchukua dakika chache katika kituo cha mafuta.

Hatua ya pili: mafuta

Gari liegeshwe mahali tambarare na injini izimwe. Chupa ya mafuta ya usukani huwa na alama za kiwango cha chini na cha juu, na nyingine huonyesha kiwango cha mafuta yakiwa baridi na yakiwa moto. Mafuta yakiwa chini ya alama, yanavuja mahali fulani, kwa kuwa mfumo huu hauli mafuta kama injini. Kuongeza bila kutafuta panapovuja ni kuahirisha tatizo.

Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamechakaa. Yakiwa na povu, hewa imeingia, na mara nyingi pampu hunguruma usukani unapozungushwa.

Magari mengi ya Toyota ya zamani hutumia mafuta ya ATF, ilhali Honda ina mafuta yake maalumu. Maandishi yaliyo kwenye kifuniko au kitabu cha gari ndiyo yafuatwe. Mafuta ya breki yasitiwe humo kamwe, kwani huharibu sili za mpira na kuzidisha uvujaji.

Hatua ya tatu: mkanda

Injini ikiwa imezimwa, mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Katika magari mengi ya zamani, ukibonyea kupita takriban sentimita moja, umelegea. Ukiwa na nyufa, ukiwa unang'aa upande wa ndani au umelowa mafuta, hauwezi kushika puli vizuri. Mlio mkali usukani unapozungushwa hadi mwisho, hasa asubuhi, mara nyingi ni wa mkanda unaoteleza.

Hatua ya nne: uvujaji

Kipande cha katoni kikilazwa chini ya gari usiku kucha kitaonyesha mahali mafuta yanapodondokea. Viungo vya paipu, shingo ya pampu na mipira ya kukinga vumbi kwenye ncha za raki vikaguliwe. Mpira huo ukiwa na mafuta ndani, sili za raki zimeisha. Uvujaji karibu na bomba la moshi ushughulikiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mafuta yakidondokea chuma cha moto yanaweza kuwaka.

Hatua ya tano: kutenganisha mafuta na vyuma

Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na gari liwekwe juu ya vishikilio imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa na usukani umefunguliwa kwa ufunguo, usukani uzungushwe polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikwama au ukiwa mzito mahali fulani, tatizo liko kwenye viungo vya usukani, boli jointi au raki yenyewe. Pampu mpya haitasaidia.

Ukizunguka vizuri, gari lishushwe na injini iwashwe. Usukani ukiwa mzito injini ikiwa sailensa lakini ukawa mwepesi kasi ya injini ikiongezwa, na mkanda na mafuta ni sawa, basi pampu imechoka. Ukiwa mzito upande mmoja tu, shuku vali au sili za raki. Ukiwa mzito asubuhi kisha ukalainika gari likipata joto, bila mlio wa mkanda, shuku sili za raki pia.

Magari yasiyo na mafuta ya usukani

Magari kama Toyota Vitz na Honda Fit hutumia mota ya umeme. Hayana chupa wala pampu ya mafuta ya usukani. Usukani ukiwa mzito na taa ya onyo ikawaka kwenye dashibodi, ukaguzi uanze na betri, fyuzi na waya, kisha gari lipimwe kwa mashine ya kusoma hitilafu.

Msaada ukipotea barabarani

Pawa steringi ikikatika, usukani haujafungika. Bado unazunguka, ila kwa nguvu nyingi. Dereva aushike kwa mikono miwili, apunguze mwendo taratibu na aegeshe kando. Aangalie pia kipimo cha joto, kwani katika baadhi ya magari mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji.

Kwa sababu hiyohiyo, tabia ya kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta ni ya hatari kubwa. Injini ikizimwa, pampu ya usukani inasimama na breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Ufunguo ukigeuzwa hadi mwisho, usukani unaweza kujifunga kabisa.

Pikapu ya viazi

Turudi Molo. Tairi za pikapu zina upepo wa kutosha. Mafuta yako chini ya alama. Mkanda umelegea, unang'aa na umelowa. Juu yake kuna paipu ya kurudisha mafuta ambayo kibano chake kimelegea, na tone linaangukia mkanda. Magurudumu yakiinuliwa, usukani unazunguka bila kukwama.

Jibu sasa liko wazi. Kibano kikazwe, mafuta yapanguswe kwenye puli, mkanda mpya ufungwe na mafuta yaongezwe. Mkanda ukibadilishwa bila kukaza kibano, nao utalowa na kuteleza. Usukani ukiwa mwepesi na mlio ukiisha, pampu iachwe mahali pake.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari alihakikishe liko katika hali salama kabla ya kuingia barabarani. Wakazi wanahimizwa kukagua mafuta na mkanda mara kwa mara, na kumwomba fundi aonyeshe kilichoharibika kabla ya spea kununuliwa.